Maua ya Foronya za Monika

Otilia hajawahi kukaa kitini mpaka kiti kikapata joto. Hivyo ndivyo asemavyo mume wake Yusto, na Yusto si mtu wa maneno mengi. Hata kudarizi, kazi ambayo wanawake wengine huifanya mkekani wamenyoosha miguu, yeye huifanya amesimama mlangoni, au yuko njiani kwenda kisimani, kitambaa kimebanwa kwenye fremu ya duara, sindano inapanda na kushuka, macho mara kwenye ua, mara kwenye mashimo ya njia. Watoto wa kijiji chetu, ambao humwita Mama Adolfu kwa jina la mwanawe, husema anashona barabara.

Kwao ni upande wa Mwimbi. Aliolewa huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, akaja na sanduku la bati na sindano zake. Kudarizi alifundishwa na masista, enzi zile walipokuwa na darasa la ushonaji kwa wasichana waliomaliza la saba. Wenzake walijifunza wakaacha, wengine leo hata uzi hawawezi kuupenyeza. Otilia alishika mpaka leo. Vitambaa vyote vya altare ya kigango chetu vimepita mikononi mwake. Na binti wa hapa, kama wazazi wake wanajiheshimu, haendi kwa mume bila mashuka na foronya za Otilia.

Kwake kila kazi ina ua lake. Altare hupata mayungiyungi, maana ni ua la Mama Maria na la Mtakatifu Yosefu, ua la moyo safi. Bibi harusi hupata mawaridi. Michoro yake ameichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, akaitoboa kwa pini kufuata mistari. Akitaka kudarizi anaweka karatasi juu ya kitambaa, anasugua kwa pamba yenye buluu ya kufulia, anainua karatasi, na pale chini zimebaki nukta. Anazifuata hizo. Karatasi ya waridi imetumika sana hata vitobo vimepanuka, na mawaridi ya siku hizi yamenenepa kidogo kuliko yale ya zamani. Hakuna anayelalamika.

Monika ni binti wa kaka yake, Loth. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, ndipo Otilia akamchukua. Alikua akimshikia shangazi yake nyuzi, akijua kutofautisha kijani cha jani changa na kijani cha jani lililokomaa. Alipomaliza kidato cha nne akasema anataka utawa. Loo! Siku ile Otilia alipokea pongezi kama mtu aliyejifungua mapacha. Akanunua kitani cheupe, kile kizuri ambacho ukikikunja hakilalamiki, akaanza kitambaa cha altare kwa ajili ya siku ambayo Monika angeweka nadhiri zake za kwanza. Mayungiyungi pembeni kote, na katikati msalaba mdogo wa uzi wa dhahabu.

Kitambaa kilikuwa kinakaribia kwisha Monika aliporudi kutoka utawani. Alishuka kwenye pikipiki na begi lake, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo shangazi. Nimerudi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekula?"

Akasonga ugali wa ulezi, akachuma mboga, akamwekea maji ya kuoga. Hakuuliza kitu. Hakuuliza siku ile wala mwaka uliofuata. Watu walipouliza, alijibu kwamba Mungu ana njia zake, halafu akaondoka kwenda kuangalia kuku. Kitambaa kikalala kwenye sanduku la bati, chini kabisa.

Sasa Monika anafundisha watoto wa chekechea mjini. Huko ndiko alikokutana na Christopha, kijana wa Chala, fundi wa mashine za kusaga, mpole, mwenye unga kwenye nyusi saa zote. Mahari ikapokelewa, matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani. Ikapangwa kwamba baada ya Pasaka wafunge ndoa.

Mashuka Otilia aliyadarizi mawaridi kama kawaida. Ilipofika zamu ya foronya, akafungua sanduku. Sisi wanawake wa jumuiya tulikuwepo, tunamenya maharage. Akakitoa kile kitani, akakikung'uta, akachukua sindano na kuanza kufumua ule msalaba, uzi mmoja mmoja.

"Kitambaa kizuri hivi kikaliwe na mende?" alisema.

Nasi tukasema kweli, ni hasara. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Akakikata, akashona foronya mbili, mayungiyungi yakazunguka pembeni kama yaliyopandwa pale tangu mwanzo.

Huku kwetu mashuka hutangulia kabla ya bibi harusi. Wanawake wa upande wa binti huyapeleka, na wanawake wa upande wa mume huyakunjua mkekani na kuyakagua. Wanaangalia mbele, kisha wanageuza nyuma, maana mbele ni ya wageni, nyuma ndiyo tabia. Kama nyuzi za nyuma zimevurugika, hapo utasikia.

Tulikwenda Chala siku ya ukungu, Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi. Mwenye usemi nyumbani kwa Christopha ni shangazi yake, Albina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alitupokea vizuri, "Tumsifu Yesu Kristo," "Milele amina," chai, viazi vitamu. Mashuka yakakunjuliwa. Akageuza nyuma.

"Eh! Huyu mtu ana mkono. Nyuma kama mbele. Ukilewa utalala kinyume na usijue."

Vicheko. Vigelegele. Otilia amesimama karibu na nguzo, hataki kukaa, anasema ameshakaa sana kwenye gari.

Kisha foronya. Albina alishika ya kwanza. Akaisogeza karibu na macho. Halafu akainuka, akaenda mlangoni penye mwanga, akaivuta kwa mikono miwili mpaka kitambaa kikakaza.

"Wifi," alisema, "hapa katikati kulikuwa na nini?"

"Mapambo tu," Otilia akajibu.

"Mapambo gani yana kichwa na mikono miwili?"

Tukatazama wote. Uzi ulikuwa umetoka, lakini vitundu vya sindano vilibaki, na mwanga wa nje ulipita kwenye vile vitundu. Msalaba ulikuwa pale, mdogo, wa nuru. Mimi nilijikuta nafanya ishara ya msalaba bila kukusudia.

"Na maua haya ni ya altare," Albina akaendelea. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilitisha kuliko kama ingepanda. "Nimefagia kanisa mimi, nayajua. Huyu binti si ndiye aliyekuwa utawani? Kumbe kitambaa hiki kilikuwa cha nadhiri zake. Mmemwahidi Mungu kitambaa, mkamvua msalaba, halafu mnatuletea sisi tulaze vichwa!"

"Si hivyo wifi..."

"Ni vipi? Nieleze mimi nisiyesoma."

Albina akazikunja foronya vizuri, kwa heshima, kama mtu anayekunja bendera, akazirudisha kwenye mfuko wetu.

"Mashuka tumepokea. Hizi rudini nazo. Mkija na nyingine kabla ya siku ya ndoa, harusi ipo. Msipokuja nazo, sisi tutakaa tufikiri upya. Mtoto wetu hatalala juu ya mali ya mtu mwingine, hasa huyo Mtu."

Njia nzima ya kurudi Otilia alikuwa anafungua mfuko na kuufunga. Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka banda, akaokota kuni zisizohitajika, akafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Kesho yake, baada ya misa ya Matawi, akamfuata Baba Paroko na tawi lake mkononi.

Paroko alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, Monika aliweka nadhiri?"

"Hapana, Baba. Alitoka kabla."

"Kitambaa kilibarikiwa?"

"Hapana."

"Basi ni kitambaa. Waambie nimesema ni kitambaa."

Mtu mwingine angerudi ametulia. Otilia alirudi amevurugika zaidi. Alituambia, "Padre ananiambia sina kosa, na mimi moyo wangu unanipiga. Sasa nani mkweli?" Tukamwambia asali. Akasema anasali, lakini hata rozari inamshinda, vidole vinakimbia kuliko midomo.

Jumatatu Kuu asubuhi na mapema alikwenda shambani. Hakukuwa na kazi kule, mahindi yalikuwa yanakomaa yenyewe. Alikuwa anakimbia watu, nadhani. Monika alimkuta hukohuko. Christopha alikuwa amempigia simu akamwambia yote. Nami nilikuwa shamba la jirani, nachuma majani ya maboga, na mpaka wetu ni mstari wa mibono tu, kwa hiyo waliniona na hawakushusha sauti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeacha watoto na nani?"

"Nimeomba ruhusa. Shangazi, naomba usimame."

"Nimesimama."

"Hujasimama. Unatembea."

Ni kweli, alikuwa anatembea, anang'oa magugu ambayo hayakuwepo. Akasimama.

"Ulitaka nilalie zile nadhiri?" Monika aliuliza. Hakuwa na ukali. Alikuwa anauliza kama anavyowauliza watoto wake wa chekechea nani amemwaga uji.

"Mwanangu! Mimi? Nilisema kitambaa kisiharibike."

"Una vitambaa vingapi vingine mle sandukuni? Ungeweza kukipeleka kanisani. Ukachagua kunipa mimi. Kila asubuhi niamke na mayungiyungi usoni."

Otilia akaketi, hivihivi, kwenye tuta, kwenye umande, na sketi yake ya kutokea.

"Nilikuwa na uchungu nawe," akasema. "Sikujua. Naona sasa. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote. Nilikuwa nimeshajiona pale kanisani, kiti cha mbele. Halafu ukashuka kwenye pikipiki."

"Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza nini?"

"Kwa nini nilirudi."

"Ungeniambia mwenyewe."

"Shangazi, kila nikifungua mdomo umeshafika kisimani!"

Nilicheka peke yangu kule kwenye maboga, Mungu anisamehe. Hata Otilia alitoa kicheko, kikakatika katikati.

"Haya. Kwa nini ulirudi?"

Monika akaketi naye. Akasema kule alisali vizuri, na masista walimpenda, na chakula hakikuwa kibaya. Lakini walimpangia kusaidia watoto wadogo, na kila alipombeba mtoto alijikuta anamwomba Mungu mmoja tu awe wake. Akadhani ni kishawishi. Akafunga, akasali, haikuondoka. Mlezi wa wanovisi, wale wanaojiandaa kwa nadhiri, akamwambia hiyo si dhambi, binti yangu, huenda ni wito mwingine, nenda nyumbani ukausikilize.

"Basi ni hilo tu?" Otilia aliuliza.

"Ni hilo tu."

"Na mimi muda wote huo nilidhani umefukuzwa, unanificha!"

Walikaa. Ukungu ulikuwa unapanda kuelekea milimani, na maboga yalikuwa yamefungua maua yake yote, njano tupu katikati ya mahindi, kila ua na nyuki wake.

"Sasa Albina anataka foronya," Otilia akasema. "Nitashona mawaridi."

"Mawaridi kila mtu anayo. Mimi waridi halisi nililiona utawani tu, bustanini kwa masista." Monika akanyoosha mkono akagusa ua lililokuwa mbele yake. "Nidarizie hili."

"Hili? Ua la boga?"

"Ndiyo."

"Hii ni mboga, Monika."

"Ni ua."

"Watasema tumewapelekea chakula cha mchana! Nani amewahi kulalia mboga?"

"Nani amewahi kulalia yungiyungi?"

Hapo Otilia akashindwa.

Shida ikaja kwamba karatasi ya ua la boga hakuna. Hakuna aliyewahi kulichora. Otilia alisema atalikumbuka tu, akarudi nyumbani akalichora kwenye karatasi ya saruji, likatoka kama tarumbeta. Akarudi shambani mchana kuliangalia vizuri. Maua yote yalikuwa yamefunga. Ua la boga ndivyo lilivyo, mwenye shamba anajua, linafungua alfajiri, na jua likipanda limejikunja kama mwavuli wenye maji. Ukilitaka, ulifuate wakati wake, na ukae.

Na Otilia akakaa. Juma Kuu zima tulimwona asubuhi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitenge kichwani kuzuia umande, penseli mkononi, mbele ya ua moja. Mguu wake ulikuwa unatikisika. Siku ya kwanza aliinuka mara kwa mara kufukuza kunguru wa shamba la jirani. Baadaye akawa haendi. Alisema ua lile lina mishipa ya kijani nyuma ambayo hakuwahi kuiona, na yeye anachuma maua hayo ya mboga tangu utotoni.

Kisha akaenda mjini kwa Hamisa kununua uzi. Hamisa na mume wake Bashiri wana duka la vitambaa karibu na soko, na Otilia ni mteja wao tangu duka likiwa meza.

"Mama Adolfu! Nyekundu ya mawaridi ipo, nimekuwekea."

"Safari hii njano. Njano ya ua la boga."

Hamisa akaacha kupima khanga. "La boga? Bwana Bashiri, njoo usikie! Mama, hao maharusi watalala au watakula?"

"Wataamua wenyewe."

"Haya. Njano ya kiini cha yai hii hapa. Njano ya bizari hii. Chukua zote mbili, maana ua lile ndani ni la yai, ukingoni ni la bizari. Mimi nalipika kwa nazi, nalijua."

Alidarizi kwenye pamba nyeupe ya kawaida. Baada ya Pasaka foronya zilikuwa tayari, akamwita Monika aje aone. Akazitandika mezani. Maua yalikuwa mazuri, sisemi kwa kumpendelea. Maua marefu, yamesimama kwenye vikonyo vyembamba, majani mapana yenye vinyweleo.

Monika aliangalia, akashika mdomo.

"Nini?" Otilia akauliza. "Nini? Sema."

"Shangazi, haya yote madume."

Akaangalia. Tukaangalia. Jamani! Kila mwanamke wa hapa anajua ua la boga lenye kikonyo kirefu kitupu ni dume, hilo ndilo tunalochuma mboga, kwa sababu halizai. Jike lina kiboga kidogo chini yake, kama ngumi ya mtoto, na hilo haliguswi. Otilia alikuwa amechagua yaliyosimama vizuri machoni, akasahau anamshonea nani.

"Ningepeleka hizi Chala," alisema polepole, "wangesema tumemwombea utasa."

Hakukuwa na muda wa kubadilisha zote mbili. Alirudi shambani asubuhi na foronya moja, akatafuta jike, akaketi kwenye ndoo, akadarizi kiboga juu ya kikonyo cha kila ua mpaka uzi wa zamani ukafunikwa. Foronya nyingine akaiacha na madume yake.

Safari ya pili tulikwenda wachache. Njiani Otilia alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Albina alikuwa anatusubiri na shangazi wawili wengine, wamekaa kama baraza. Akapokea mfuko. Kabla ya yote akaenda mlangoni, akaziinua kwenye mwanga, moja, ya pili. Hapakuwa na kitundu.

Akarudi mkekani. Akatazama maua. Uso ukakunjamana.

"Hii nini? Hii si boga?"

"Ni boga," Otilia akasema. "Monika ameomba."

"Boga!" Akawageukia wenzake. "Wametuletea mboga." Lakini hakuiweka chini. Alipitisha kidole juu ya kikonyo. "Hili dume."

Akachukua ya pili, kidole kikatembea, kikafika chini ya ua, kikasimama.

"Hili lina kiboga." Akasogeza kidole kwenye ua lililofuata. "Na hili." Na lililofuata. Tumbo lake lilianza kutikisika kabla sauti haijatoka. "Njooni muone! Kila ua na mtoto wake! Na huyu mwanaume hapa amesimama tu na kikonyo, anangoja nyuki!"

Nyumba ililipuka. Yule shangazi mzee aliyekuwa haongei alipiga kigelegele kirefu mpaka akakohoa. Albina akageuza nyuma, akakagua nyuzi, akarudi mbele.

"Na hapa jani limetoboka. Mdudu?"

"Lilikuwa hivyo shambani," Otilia akasema.

"Basi umeshona ukweli." Akaziweka juu ya mashuka, akazibonyeza kwa viganja viwili. "Harusi ipo. Mwambieni binti yetu harusi ipo."

Monika alikuwa anatusubiri barabarani, mahali gari la kutoka Chala linaposhusha watu wa kijiji chetu. Alisimama bila mwavuli, mvua ya mwisho mwisho inadondoka. Alimtazama shangazi yake usoni.

"Harusi ipo. Swali ni nani atalalia dume," Otilia akasema.

Monika akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Halafu nikaona yote mawili. Otilia akamshika mkono. Wakatangulia mbele yangu kwenye tope, wanakwepa madimbwi, na nikamsikia Otilia akiuliza.

"Na kule kwa masista, mlikuwa mnaamka saa ngapi?"

"Alfajiri sana, shangazi."

"Na baridi ile! Mlipewa sweta?"

"Tulipewa."

"La rangi gani?"

Monika akamjibu. Na Otilia akauliza lingine.